Deni Lenye Jina Langu

Mashine yangu ya kutoa kopi ilianza kula karatasi mwezi wa tatu. Kufika mwezi wa tano ilikuwa inakula biashara yenyewe. Nina stationari ndogo hapa Segerea, chumba kimoja cha kupanga, na bila mashine ile nabaki muuza kalamu na bahasha. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga. "Dada, hii imeshakupa ilichokuwa nacho. Tafuta nyingine." Basi nikaenda benki kuomba mkopo.

Afisa mikopo alikuwa kijana mwenye adabu. Akaniuliza namba ya NIDA, akaiingiza kwenye kompyuta, tukasubiri. Halafu nikaona uso wake umebadilika kidogo, kama mtu aliyekutana na wewe njiani na hajui kama msiba umeshausikia.

"Mama, kuna mkopo mahali pengine haujaisha."

Nikacheka. Mkopo wangu wa mwisho ulikuwa wa VICOBA, na nilimaliza kurejesha kabla ya tarehe. Wenzangu wa kikundi ni mashahidi. Akageuza kioo cha kompyuta kidogo upande wangu. Majina yangu yote matatu yalikuwepo, kwa herufi kubwa. Tarehe yangu ya kuzaliwa ilikuwepo. Chini yake palikuwa na mkopo wa shilingi 350,000 kutoka kampuni ambayo sijawahi hata kuisikia, umechelewa siku 214, na pamoja na riba na adhabu umefika 612,000.

"Si mimi," nikasema.

"Labda mfumo umekosea," akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba mfumo hukosea. "Ila namba ya NIDA ni yako."

Naandika haya kwa sababu ya yale maneno mawili, "si mimi". Siku ile nilidhani ni sentensi rahisi kuliko zote nilizowahi kusema. Imenichukua miezi kadhaa kujua kama ni ya kweli.

*

Wengi wetu hatujui kwamba tunaandikwa. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni za taarifa za wakopaji mwaka 2012. Kwa ufupi ni hivi: benki na wakopeshaji wanapeleka taarifa za wateja wao kwenye kanzidata, na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu zinazikusanya na kuzipanga ziwe habari moja ya mtu mmoja. Alikopa wapi, lini, kiasi gani, alilipa au alitoweka. Unapokwenda kukopa, mkopeshaji anaisoma habari hiyo kabla hajakusikiliza wewe.

Sitaki kusema kwamba jambo lenyewe ni baya. Zamani mtu asiye na kiwanja wala hati hakuwa na cha kuweka mezani. Uaminifu wake ulijulikana mtaani kwake tu, na afisa wa benki hakai mtaani kwako. Taarifa ya mikopo, ikiwa ya kweli, inamruhusu mama muuza samaki wa Bonyokwa aingie benki na rekodi ya kulipa vizuri iwe ndiyo dhamana yake. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hapa limetafutiwa namna ya kung'ara hata kwenye kompyuta ya mtu asiyekujua.

Lakini hebu likumbuke daftari la Mangi. Sisi tuliokulia mitaa ya uswahilini tunalijua: lile daftari lenye kona zilizokunjamana, linakaa chini ya mizani, kila nyumba ina ukurasa wake. Mangi akiandika "unga kilo 2, mafuta nusu" ulikuwa umesimama pale, unaiona kalamu. Akikosea unamwambia papo hapo, "Mangi, mafuta jana sikuchukua mimi, alichukua mtoto wa mama Fulani." Mtabishana, atafuta, au atakataa na mtanuniana wiki nzima. Yaani daftari lilikuwa na nguvu juu yako, lakini lilikuwa na sikio pia.

Daftari la sasa ni la nchi nzima na halina kaunta ya kusimama. Linaandikwa usiku umelala. Unalijua siku unayolihitaji, na siku hiyo limeshakuhukumu.

*

Nikaambiwa nina haki ya kuomba taarifa yangu niisome mwenyewe, na nikikuta kosa nina haki ya kulipinga. Ni kweli, haki hiyo ipo, na imeongezewa nguvu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake anazo nani na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Nikaomba. Nikasubiri.

Siku zile za kusubiri zilinifundisha kitu kibaya kunihusu mimi mwenyewe: nilimshuku kila mtu. Mteja aliyewahi kuniomba nimjazie fomu. Binti aliyenisaidia dukani miezi miwili halafu akaacha kuja. Wakala wa kusajili laini aliyewahi kuniambia, "Dole halijasoma, weka tena," nikaweka mara tatu. Hivi lile dole la pili lilikuwa la laini ya nani?

Kisha nikajishuku mimi. Kazi yangu ni kopi. Asubuhi mpaka jioni napitishiwa vitambulisho vya watu: NIDA, kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji. Kopi iliyotoka na weusi pembeni mteja anaikataa, nami naitupa kwenye boksi chini ya meza. Lile boksi likijaa anakuja mama muuza karanga, nampa. Miaka yote nimempa bure, nikajiona mwema. Siku moja katika zile za kusubiri nikanunua karanga za mia tano, nikafungua kile kikoni cha karatasi, nikakutana na uso wa baba mmoja wa mtaa wa pili akinitazama kutoka ndani, namba yake yote ishirini inasomeka bila taabu. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Nilikuwa nimemuuza jirani yangu na karanga juu.

Wala si sisi peke yetu. Juni 2021, kule Kenya, watu walipoingia kwenye mfumo wa serikali kuangalia taarifa zao walijikuta wameandikishwa uanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hakuna aliyeibiwa hata shilingi. Lakini walilalamika sana, na kwa haki, kwa sababu kuna aliyekwenda mahali kwa jina lao akasema "ndiyo" wakati wao hawakusema.

*

Taarifa ikaja. Mimi ni msomaji, ndugu zangu, ninyi mnaokuja hapa mnanielewa: nikipewa maandishi nayasoma kama maandishi. Ile karatasi ilikuwa wasifu wangu ulioandikwa na mwandishi ambaye hajawahi kunisalimia. Haukuwa na mama yangu, wala kitabu hata kimoja nilichokipenda. Ulikuwa na majina, namba ya NIDA, namba za simu, anwani, orodha ya mikopo na tarehe zake, siku za kuchelewa, na orodha ya taasisi zilizowahi kuniulizia.

Ushauri wangu kwa atakayeisoma ya kwake: soma polepole, kila mstari, kama unayesahihisha prufu. Macho yatakimbilia kwenye deni, yazuie. Kosa huwa linaanza mapema zaidi. Angalia herufi za jina. Angalia anwani, yangu ilisema Kinyerezi, ambako nilihama zamani. Angalia taasisi zilizokuulizia, maana anayekopa kwa jina lako lazima kwanza akuulizie. Na angalia namba za simu.

Zilikuwepo mbili. Ya kwanza yangu. Ya pili sikuitambua, nikaanza kuitamka kwa sauti, na nilipofika tarakimu tatu za mwisho mdomo wangu ukawa unaijua kabla yangu. Ni namba ninayoipiga kila Jumapili. Nimeihifadhi kwenye simu kwa jina la "Mwanangu", ndiyo maana tarakimu zenyewe nilikuwa nimezisahau.

Si mwanangu wa kumzaa. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Lakini kwa Kiswahili chetu mtoto wa dada yako haitwi mpwa, si kwa mwanamke mwenzake. Ananiita mama mdogo, na mimi namwita mwanangu, na lugha haikukosea hapo.

*

Mtakumbuka Januari 2020. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikuwa mwisho tarehe 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku mpaka tarehe 20 Januari. Foleni za ofisi za NIDA zilikuwa zinaanza alfajiri. Watu wengi hawakuwa wamepata namba, na laini isiyosajiliwa inafungwa. Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza bodaboda, wateja wake wote wako kwenye simu, namba ya NIDA haijatoka. Akaja dukani. "Mama mdogo, nisajilie wewe, yangu ikitoka tutabadilisha."

Nikatoa dole. Haikuchukua dakika tano. Nilijua kwamba taratibu zinataka kila mtu asajili laini yake mwenyewe. Lakini mtoto wa marehemu dada yako amesimama mbele yako na helmeti mkononi, utamwambia nini? Namba yake ya NIDA ilikuja kutoka baadaye. Hatukubadilisha. Tulisahau, au tuseme tulizoea.

Kama unataka kujua wewe umetoa madole mangapi, piga *106# ufuate maelekezo, utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilikuwa naijua namba hiyo ya kupiga, nimewaelekeza wateja wangu mara nyingi. Sikuwahi kuipiga kwa ajili yangu.

Nikamfuata kijiweni. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo: atakataa, atasema simu iliibwa. Hakusema hivyo.

"Ujumbe ulikuja kwamba nina sifa ya kukopa," akasema. "Pikipiki ilikuwa imekufa injini. Nikabonyeza."

"Waliandika jina la nani?"

"La kwako. Nililiona." Akanyamaza, akaangalia tairi. "Nikasema, si jina la mama."

Alirejesha wiki tatu. Kisha mwenye pikipiki akaichukua pikipiki yake, akakosa kazi, akaona aibu kuniambia. Kila ujumbe wa kudai ulikuja kwenye simu yake, si yangu, ukianza na "Ndugu" na jina langu. Kwa miezi saba alikuwa anadaiwa yeye ninayeitwa mimi.

*

Sasa niambie, msomaji, huu ni wizi?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inajua kosa la kujifanya mtu mwingine. Lakini yeye hakujifanya. Alitumia simu yake, namba anayoitumia miaka yote, akajibu ujumbe uliokuja kwake. Kwa upande mwingine, aliona jina, akajua si lake, na akabonyeza. Na mimi je? Nilimpa jina kwa ajili ya kupiga simu, sikumpa kwa ajili ya kukopa. Lakini nikimwazima mtu jembe la kupalilia akalitumia kuchimba msingi, nitasema ameliiba?

Majirani hawakuwa na muda na falsafa. Rafiki yangu wa saluni jirani alisema, "Laki sita? Lipa yaishe. Dawa ya deni kulipa. Unataka waanze kuwatumia watu meseji?" Hofu yake ina msingi, watu wamedhalilishwa na mikopo ya mtandaoni, ile wanayoiita kausha damu, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Huyu aliyekuwa ananidai mimi, kwa bahati, hakuwa wa kundi hilo.

Dawati la huduma kwa wateja lilikuwa na jibu lingine. "Kama si wewe uliyekopa, basi ni udanganyifu. Nenda polisi, leta RB."

Nilifika mpaka nje ya kituo. RB ina mahali pa kuandika mtuhumiwa. Na anayeishi Segerea hawezi kujifanya hajui barabara inayoanzia pale inaishia wapi. Nchi nzima jina la mtaa wetu linajulikana kwa gereza. Gazeti likiandika "amerudishwa Segerea", halimaanishi amerudi nyumbani. Pale wamejaa mahabusu, watu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na bado mtu analala pale akisubiri. Kila ninapopita na daladala nawaona ndugu zao, na vyakula vyao kwenye vikapu.

Nikafikiria jinsi mimi na mahabusu tulivyo karibu na tulivyo mbali. Yeye angalau ana kanuni inayosema anayemtuhumu ndiye athibitishe. Mimi, kwenye daftari lile, nimeandikwa mdaiwa sugu kwanza, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni yangu: nauli yangu, muda wangu, duka limefungwa. Aliyeandika hakuja hata mara moja kuniuliza, "Ni wewe?" Kuna kitu hakijakaa sawa hapo, na sidhani kwamba kumwambia raia "kagua taarifa zako mara kwa mara" kunakitibu. Kukagua ni busara. Lakini aliyepata faida kwa kuandika ndiye angebeba mzigo wa kwanza wa kuhakikisha.

Nikageuka nikarudi dukani bila RB. Bado nilikuwa sijalipa pia. Nilikuwa naitafuta njia ya tatu na sikujua jina lake.

*

Iliniijia kutoka matangani.

Dada alipofariki, kabla jeneza halijatoka, mzee mmoja alisimama akasema maneno ambayo ninyi nyote mmeyasikia misibani: kama kuna mtu anamdai marehemu, asinyamaze, amfuate mwanafamilia fulani. Kwetu aliyetajwa ni mimi. Nikasimama watu wakaniona. Wiki ile walikuja watatu. Mama wa vitenge, elfu arobaini na tano. Mwenye duka, kidogo. Na mwanamke mmoja kutoka Tabata aliyesema dada alimkopa laki moja. Hakuwa na karatasi wala shahidi. Nilimlipa. Mpaka leo sina uhakika kama ilikuwa kweli.

Kwa hiyo mimi nimeshawahi kubeba deni lisilo langu. Nililibeba kwa hiari na sikuona kwamba nimedanganya mtu. Kwa nini hili la sasa lilinikaba hivi?

Nikalielewa nikiwa nimekaa na kile kikoni cha karanga mbele yangu. Pale msibani kila mtu alijua deni ni la nani. Nilisema hadharani: ni la dada, nalibeba mimi. Deni lilibaki na mwenyewe, mzigo ndio uliohama bega. Nikilipa hii 612,000 kimyakimya, hakuna kitakachohama. Daftari litaandika kwamba mwanamke huyu alikopa, akapotea siku mia mbili na zaidi, kisha akalipa. Uongo ule utakuwa umepata saini yangu. Na mwanangu atakuwa hajawahi kukopa wala kudaiwa, tena hajawahi kulipa. Atabaki mtu asiyeandikwa, anayeishi ndani ya jina la mama yake. Kubeba deni la mwenzio ni utu. Kulibeba ukidai ni lako, hata kwa upendo, ni kusema uongo juu ya watu wawili kwa mpigo.

Kuna riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *By the Sea*, ya mwaka 2001, ambayo niliisoma zamani kama hadithi ya ukimbizi. Mzee Saleh Omar, mfanyabiashara wa samani wa Zanzibar, anashuka Uingereza na pasi yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Ukiendelea kusoma unagundua jina lile si la kuokota. Ni la mtu ambaye nyumba yake iliangukia mikononi mwa Saleh Omar kwa sababu ya mkopo: hati ya nyumba ilikuwa imefika kwa mfanyabiashara mmoja, Hussein, naye akaiweka dhamana kwa mkopo wake mwenyewe kisha hakurudi. Anayekuja kulisikia jina la baba yake likitumiwa na mzee mgeni ni Latif, mtoto wa huyo Rajab. Safari hii niliisoma kama riwaya ya karatasi iliyopita mikono mingi na jina lililobaki halina mwenyewe. Na kinachowasogeza wale wawili mbele si hati nyingine. Ni kukaa kwenye chumba kimoja katika mji wa pwani wa ugenini, kila mmoja akasimulia upande wake mpaka mwisho, na mwenzake akamwacha amalize.

*

Fomu ya pingamizi ilikuwa na visanduku vitatu: si mkopo wangu, nimeshalipa, kiasi si sahihi. Nilikaa nayo usiku mzima. Hakikuwepo kisanduku cha jina lililoazimwa.

Nikaandika barua, nikaambatanisha. Nilieleza kwamba laini niliisajili mimi Januari 2020 kwa ajili ya mwanangu, nikijua sipaswi. Kwamba mkopo sikuuomba wala sikuupokea. Kwamba sitaki deni lifutwe, maana pesa zilichukuliwa kweli na mwenye pesa ana haki yake. Nataka liandikwe kwa aliyelichukua. Kumtaja jina niliacha wazi. Nilimwita, nikamwekea barua mezani, nikamwambia sitalijaza mimi.

Aliisoma yote. Akauliza, "Nikiandika, watanikamata?"

Nikamjibu ukweli, kwamba sijui, na kwamba kama hataki sitamlaumu mbele ya mtu. Sikumwambia kwamba nitamlaumu moyoni, lakini nadhani aliliona. Alitoka nje akakaa kwenye pikipiki ya rafiki yake kama nusu saa. Aliporudi aliomba kalamu, na kwa mwandiko wake wa shule ya msingi akaandika jina lake kamili, namba yake ya NIDA, na sentensi moja: deni hili ni langu, nitalilipa.

Jumatatu tulikwenda pamoja. Tulianza na laini, ikahamishiwa kwake, dole lake. Kisha barua, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Msichana wa dawatini alisoma, akasoma tena, akatuangalia mmoja mmoja. "Hii sijui niiweke wapi," akasema.

Sitawadanganya kwamba mambo yameisha. Mpaka ninapoandika haya taarifa yangu inasema pingamizi linashughulikiwa, na benki imesema nirudi likishughulikiwa. Mashine sijapata, kopi natuma kwa jirani, faida tunagawana. Lile boksi chini ya meza nimeliondoa. Kopi mbovu naichana mbele ya mwenyewe, wengine wananiona nina madoido. Mama wa karanga alilalamika, nikamnunulia daftari tupu la kurasa mia.

Mwanangu amepata pikipiki ya mkataba. Kila Jumamosi anarejesha elfu ishirini, kwa laini yake, kwa jina lake. Mfumo wa wale jamaa bado haujabadilika, kwa hiyo ujumbe wa shukrani unaokuja baada ya malipo unaanza vilevile, "Ndugu", halafu jina langu. Ananiletea simu niusome. Jumamosi iliyopita aliupiga picha, akanitumia, na chini yake akaandika: "Mama mdogo, wamekushukuru tena kwa hela yangu."